Bi Dirisha na Viti Vitupu

Watu walimwita Bi Dirisha, na jina lilimganda hata baada ya dirisha lenyewe kuzibwa. Alikuwa amekaa nyuma ya kioo cha jumba la sinema tangu hajaolewa, akikata tiketi na kurudisha chenji, na nusu ya mji ilikuwa imeinamia kile kitundu cha kioo kumsemesha. Alijua nani hupenda kukaa nyuma, nani hawezi kuwekwa karibu na nani. Kunyamaza pia alijua. Mume wa mtu akija na asiye mkewe, yeye aliona tiketi mbili tu, basi.

Kisha akaja meneja mpya, mpwa wa mwenye jumba, kijana mwenye adabu na haraka nyingi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuta jumba linapumua kwa shida, watu wana televisheni ukutani na simu mkononi, naye akajipa kazi ya kulifufua. Akaweka mashine ya tiketi mlangoni. Akaleta viti vya kulalia na spika kubwa kama makabati. Dirisha akaliziba kwa bango, na Bi Dirisha akapewa fulana yenye kola na tochi.

"Mama, sasa wewe ni mwongoza wageni," meneja alimwambia. "Kazi nyepesi. Kuonyesha watu viti na kuhakikisha kuna utulivu."

Bi Dirisha alijibu kwamba amesikia. Moyoni alisema watu wamekaa katika jumba hili tangu wewe hujazaliwa na hakuna aliyewahi kupotea njia ya kwenda kwenye kiti. Lakini tochi aliipokea, kwa sababu kazi ni kazi.

Tumaini kubwa la meneja lilikuwa ile filamu ya dobi. Si ile ya zamani, bali mpya iliyotengenezwa upya. Ile ya zamani hakuna aliyekuwa haijui: mwanamke anafua nguo za nyumba ya kitajiri na kuimba, na nyimbo zake kina mama wamezibembelezea watoto, mafundi wamezipigia miluzi kazini. Sasa ilikuja tena, rangi zinametameta, wachezaji wageni, na bango lililofunika dirisha lote la Bi Dirisha lilikuwa uso wa dobi mpya. Mji ulisubiri. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Aliyesubiri kuliko wote ni wifi yake Bi Dirisha, dada ya mumewe, mshonaji na mjane, ambaye kwa sauti yake watu walimbandika jina la Kinanda. Kinanda alishona gauni jipya kwa ajili ya siku ile, akawashonea na wenzake wa pale kwenye vyerehani, na alasiri ya ufunguzi waliingia wote kwa pamoja, wananukia, wanacheka, wakajaza mstari mzima.

Filamu ikaanza. Bi Dirisha alikuwa amesimama ukutani na tochi yake. Aliona dobi mpya akiinama kwenye beseni, maji yanang'aa kama vioo, na kucha za dobi ndefu, nyekundu, hazina hata mkwaruzo. Aliusikia ule wimbo mkubwa ukiingia mbiombio, umebebeshwa ngoma, kisha ukakatwa kabla ya ubeti wa mwisho, na picha ikahamia kwenye magari.

Ndipo gizani sauti ya Kinanda ikaupokea ule ubeti uliotupwa. Aliuimba taratibu, kama mtu anayeokota kitu kilichomdondoka mwenzake njiani:

"Doa la nguo nitalifua, doa la moyo nani afue."

Wenzake wakamfuata. Mbele yao kijana mmoja aligeuka akasonya. Mwingine akasema, "Jamani, tumelipia filamu, hatukulipia kwaya." Meneja, pale mlangoni, akamtazama Bi Dirisha na kumwashiria kwa kichwa.

Bi Dirisha aliteremka ngazi, akafika kwenye mstari ule, akawasha tochi. Mwanga ukaenda moja kwa moja usoni mwa wifi yake.

"Wifi, nyamaza kidogo. Ndiyo sheria ya humu siku hizi."

Kinanda alifumba macho kwa ule mwanga. Alipoyafumbua hakupandisha sauti. "Unanimulika mimi?"

Akainuka, akakusanya gauni lake, akatoka. Wenzake nao wakatoka, mmoja mmoja, wakimpita Bi Dirisha bila kumtazama.

Baada ya siku ile jumba likaanza kupwa. Wiki ya kwanza walikuja wenye hamu ya kuona, ya pili wakaja wasiokuwa na pa kwenda, kisha vikabaki viti. Meneja akaiondoa filamu ya dobi, akaleta nyingine ya nyimbo, nayo ya kale iliyovishwa koti jipya. Hiyo haikupata hata wa kuisonya. Spika zilinguruma katika ukumbi mtupu mpaka Bi Dirisha akawaonea huruma wachezaji, wanaimba kwa bidii vile na hakuna anayewasikiliza.

Asubuhi moja meneja alimwita ofisini. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama, mjomba anataka kulifunga. Kuna watu wa fanicha wanatafuta ghala."

"Kwa nini watu hawaji?"

"Simu," meneja alisema. "Dunia nzima ni hivyo hivyo. Mtu ana filamu mfukoni, aje huku afanye nini?"

"Umewauliza?"

"Mama, hili si jambo la kuuliza. Linajulikana."

"Basi nipe nafasi kidogo nikawaulize. Kama ni simu, wataniambia ni simu."

Meneja aliinua mabega. Hakuwa na cha kupoteza, na huenda alidhani mama wa watu ataona haya akiwa barabarani na kurudi. Hakumjua. Bi Dirisha alikuwa mtu ambaye akishika jambo, ama jambo liishe ama kiatu kiishe. Alivua ile fulana yenye kola, akavaa gauni lake la kawaida, akatoka kwenda kuwatafuta watu wake.

Alianza kwa kinyozi, kwa kuwa kinyozi alikuwa hakosi hata filamu moja enzi zile. Alimkuta ana kichwa cha mteja mkononi.

"Nikwambie ukweli?" kinyozi alisema, mashine ikiendelea kuvuma. "Siku hizi filamu naimaliza kabla haijaanza. Wanachukua ile ile, wanaipaka rangi, wananiuzia tena. Mimi nikikunyoa leo, kesho nikakuita nikunyoe kichwa kile kile, utakuja?"

Mteja akacheka chini ya shuka. "Ukininywesha chai nitakuja."

"Haya, hata chai hawanyweshi," kinyozi akasema.

Kwa mwalimu mstaafu alikaribishwa kiti, akapewa maji, na mzee akazunguka sana kabla ya kufika. Alisema mguu. Akasema macho. Mwisho akasema mashine. Alikwenda siku moja, akasimama mbele ya ile mashine ya tiketi, miwani amesahau nyumbani, na nyuma yake vijana wanahema kwa kuchoka kumsubiri.

"Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, mama. Mashine ikaniambia nimekosea, nijaribu tena. Nikajaribu, ikaniambia hivyo hivyo. Nikageuka nikaenda zangu."

"Ulikasirika, mwalimu."

"Hapana. Hasira ingepoa, ningerudi. Niliona aibu."

Nesi wa mtaa wa pili, mama wa mapacha, yeye alisema ni kelele. Watoto waliangua vilio spika zilipopiga, na watu wakamtazama kama aliyeingia na mbuzi. Fundi wa gereji naye hakutaka hata kuzunguka. Alitoka chini ya gari, akajifuta mikono, akasema, "Mimi ni simu kweli, Bi Dirisha. Najilaza, naegemea mto, nikichoka nazima. Usinitafutie sababu nyingine."

Kwa hiyo meneja naye alikuwa na lake la kweli, na Bi Dirisha alilikubali. Lakini lilikuwa moja kati ya mengi.

Nyumba ya Kinanda aliiacha mwisho. Alipita mlango ule mara kadhaa, akajifanya ana safari nyingine. Kisha akajiambia kwamba kuwauliza watu baki na kumkwepa ndugu ni kufagia uwanja na kuacha sebule, akabisha.

Kinanda alikuwa kwenye cherehani, pini zimejipanga midomoni. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Bi Dirisha alikaa mwenyewe, juu ya furushi la vitambaa.

"Nimekuja kukuuliza, wifi. Kwa nini huji tena sinema?"

"Unajua," Kinanda alisema kupitia pini.

"Najua. Nataka unitamkie."

Cherehani ikasimama. Kinanda akazitoa pini, akazichomeka moja moja kwenye kitambaa.

"Ulinimulika usoni kama mwizi wa kuku. Mbele ya wenzangu, na gauni langu jipya."

"Niliagizwa."

"Uliagizwa, sawa. Mkono ulikuwa wa nani?"

Bi Dirisha aliutazama mkono wake.

"Ulikuwa wangu," Bi Dirisha alisema. "Nisamehe, wifi."

Kinanda alikunja kile kitambaa, akakikunjua tena. "Halafu filamu yenyewe. Dobi gani ana kucha vile? Mama yetu amefua nguo za watu, wewe umemkuta, umeviona vidole vyake jioni, vimekunjamana kama vya mtu aliyezama. Yule dobi wa zamani ukimtazama mikono unajua kwamba huyu kafua. Ndiyo maana akiimba unalia. Huyu wa sasa anaimba hajachoka. Mtu hawezi kuuimba ule wimbo kama hajachoka." Akaikanyaga cherehani tena. "Uzuri wa mkakasi."

"Kwa hiyo utarudi?"

"Nimekusamehe wewe, kwa kuwa u wifi yangu. Jumba sijalisamehe."

Jioni ile Bi Dirisha alirudi nyumbani miguu inawaka. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa ameegemea ukuta wa uani, simu ameiegemeza kwenye kopo, anatazama filamu huku anasafisha bomba. Bi Dirisha alikaa kwenye kizingiti akammwagia yote: kinyozi, mwalimu, mapacha, wifi.

"Umeuliza mji mzima," mumewe alisema. "Mbona mimi hujaniuliza?"

"Wewe?"

"Kwani mimi si mtu?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Bi Dirisha alijaribu kukumbuka ni lini mumewe aliingia jumbani mle kutazama kitu, akashindwa. "Haya. Kwa nini huji?"

Mumewe aliizima simu. "Nilikuja mwanzo mwanzo tulipooana, hukumbuki? Mke wangu yuko nyuma ya kioo, mimi niko ndani nimekaa na kiti. Watu wananiuliza umekuja na nani, nawaambia nimekuja na tiketi." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Filamu hata hapa ninayo, mama watoto. Ninachokosa hapa ni mtu wa kumpiga kiwiko panaponoga."

Bi Dirisha alisogea karibu naye. Alichukua kitambaa, akamsaidia kusafisha lile bomba. Miaka yote ile alikuwa akiwauzia watu nafasi ya kukaa na wenzao, na hakuwahi kuketi na mwenzake.

Asubuhi hakusubiri kuitwa. Alimkuta meneja anafungua mlango wa ofisi, akaingia naye.

"Nataka alasiri moja kila wiki," alisema. "Filamu ya dobi, ile ya zamani. Sauti ishuke, taa za pembeni ziachwe, watoto waruhusiwe. Anayetaka kuimba aimbe. Na bango liondoke dirishani, tiketi nitakata mimi."

Meneja alikaa. "Mama, ile ya zamani imechakaa. Ina mikwaruzo, sauti inakwaruza."

"Hata mimi nimechakaa na umeniajiri."

Kijana akacheka, kwa mara ya kwanza tangu fanicha zitajwe. Kisha akarudi kwenye shida zake. "Na wanaotaka utulivu? Wale vijana waliosonya siku ile nao walikuwa na haki yao."

"Walikuwa nayo. Wana siku nyingine zote. Mimi naomba alasiri moja."

"Na watu wasipokuja?"

"Nitakusaidia mwenyewe kubeba fanicha kuziingiza."

Meneja alimpigia mjomba wake simu. Alijieleza kwa muda mrefu, jasho likimtoka, na Bi Dirisha alisimama pale pale akimtazama ili asije akalegea. Mwisho meneja akaweka simu chini, akasema mjomba amekubali kujaribu.

Bango alilibandua mwenyewe kwa maji ya moto na kisu cha jikoni. Uso wa dobi mpya ulitoka vipande vipande, jicho likabaki siku nzima halitaki, mpaka akalikwangua. Kisha akazunguka tena nyumba zile zile. Kwa kinyozi, kwa mwalimu, kwa nesi, na kwa Kinanda, ambaye alisikiliza, akasema, "Nimesikia," na kuendelea kushona.

Alasiri ya kwanza walikuja wachache. Mwalimu alikuja, amevaa tai, akanunua tiketi dirishani kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Nesi alikuja na mapacha. Kinyozi alichungulia, akaingia. Walitawanyika ukumbini kama punje za mahindi zilizomwagika, kila mtu mbali na mwenzake, na wimbo ulipofika hakuna aliyefungua mdomo. Walikuwa wamenyamazishwa muda mrefu, ruhusa peke yake haikuwatosha. Meneja alirudi ofisini. Kinanda hakuonekana.

Bi Dirisha alirudi nyumbani akilifikiria hilo, na wiki iliyofuata alikuja na dawa yake. Ikumbukwe kwamba hakuwa na sauti. Mumewe alikuwa akisema mkewe akiimba jikoni hata maziwa yanaganda. Wimbo ulipoingia, Bi Dirisha akatoka mlangoni, akaenda mbele, akasimama chini ya pazia na kuimba. Alianza juu mno, akashuka akapitiliza, maneno akayachanganya.

Kwanza watu walitazamana. Kisha mwalimu hakuvumilia. "Si hivyo, mama," akasema, na akauimba mstari vile unavyotakiwa. Nesi akamsahihisha mwalimu. Kinyozi akawasahihisha wote wawili. Ulipofika ubeti wa mwisho ukumbi wote ulikuwa unabishana kwa kuimba, na mapacha wanapiga makofi.

Habari haina miguu, lakini mpaka jioni ilikuwa imefika kwenye vyerehani.

Wiki ya tatu, Bi Dirisha alikuwa ameinamia kikasha cha chenji alipoona kivuli kwenye kioo. Kinanda alikuwa amesimama pale, amevaa lile gauni, na nyuma yake wenzake.

"Nasikia kuna mtu humu anauua wimbo," Kinanda alisema.

"Ni mimi, wifi."

"Nipe tiketi. Msidhani nimekuja kwa ajili ya jumba. Nimekuja kuuokoa wimbo wa watu."

Bi Dirisha alikata tiketi. Kinanda alipita, akaingia, na safari hii alikaa mstari wa mbele kabisa.

Siku hiyo kulikuwa na mtu mwingine aliyeombwa kuja, naye alifika akiwa amechelewa, ananukia sabuni, shati limepigwa pasi. Bi Dirisha alimsubiri. Taa za katikati zilipozimika alifunga dirisha kwa komeo, akaacha neno kwa meneja kwamba wanaochelewa awakatie yeye, akaingia na mumewe. Walikaa kwenye mstari wa nyuma. Hakujua filamu ile huanzaje ukiwa umekaa. Kwa miaka yote alikuwa ameisikia kupitia ukuta, nyimbo anazijua, nyuso hazijui vizuri. Alipoiona ile mikono ya dobi wa zamani ikiinuka kutoka majini, alimkumbuka mama mkwe wake, akamshika mumewe mkono. Kinanda alipoupandisha ule ubeti wa mwisho, ukumbi ulimwachia auimbe peke yake mpaka mwisho.

Jumba halikufungwa. Tusiseme lilifufuka, maana si kweli. Mwenye jumba alipangisha ukumbi wa juu, uliokuwa ukikaa bure, kwa watu wa fanicha, na siku za kawaida ule wa chini ulibaki na wachache, vijana wawili wawili na mtu mmoja mmoja. Fundi wa gereji hakuja kamwe, akaendelea na mto wake. Lakini alasiri ile moja ilishika. Ikawa na watu wake, na meneja akajifunza kusimama mlangoni akiwasalimia kwa jina.

Baadaye meneja alimletea Bi Dirisha picha ya filamu nyingine ya nyimbo iliyotengenezwa upya. Wenye filamu wanamtaka aichukue, alisema, naye hajui la kufanya.

"Niichukue au niiache?"

Bi Dirisha aliitazama ile picha. Ilikuwa nzuri, na yeye alikuwa na mashaka nayo.

"Sijui," alisema. "Ngoja nifunge dirisha, nikawaulize."